Zamu ya Andati

Sellah alikuwa ametandika leso kuukuu mezani, na juu yake Mustafa fundi alikuwa amepanga vipande vya kompyuta kama mtu anayeanika dagaa wa omena. Ilikuwa Jumamosi mchana, mtaa wa Amalemba, Kakamega, mwaka wa 1996. Sellah alikuwa mpiga chapa, na wateja walikuwa wameanza kuidharau taipureta yake. Vipande hivyo vilitoka kwenye ofisi ya kiwanda kimoja cha sukari, kilipopiga mnada mashine zake kuukuu.

Waliomba, kila mmoja kwa dini yake, kisha wakawasha. Feni ikazunguka. Nambari za memori zikaanza kupanda kwenye kioo, zikasimama katikati, na mashine ikakohoa.

“Hiyo si sauti ya spika,” Mustafa alisema.

“Ni kikohozi,” Sellah alisema. “Kuna mtu.”

“Mtu baadaye, mama Mitchel. Kwanza tuangalie umeme.”

Mustafa alifuata desturi yake. Aling’oa kila kitu, akabakisha kile kidogo tu kinachotosha kuwasha, kisha akarudisha kipande kimoja kimoja. Alibadilisha kisanduku cha umeme, ikakohoa. Akachomoa diski, ikakohoa. Alipochomoa kadi ya memori, kikohozi kikakoma, ukabaki mlio wa kawaida wa mashine inayodai memori. Akaigeuza kadi kwenye mwanga wa dirisha. Sisimizi walikuwa wamejipanga kwenye meno yake, na chini yao palikuwa na utando mweusi wa molasi, ule uji mzito unaobaki sukari inapochemshwa.

“Ndiyo maana haishiki,” alisema. “Na hii ilitoka ofisini, si jikoni.”

Akaisugua meno kwa raba ya penseli, akairudisha. Nambari zikapanda mpaka mwisho, na Andati, mumewe Sellah, akaonekana ameketi kwenye kiti kilichokuwa wazi.

Andati alikuwa hajaonekana tangu alipoingia zamu ya usiku katika chumba cha kuchemshia maji ya miwa cha kiwanda hicho hicho, miaka mitatu nyuma. Kiwanda kilisema ametoroka kazi. Ukoo ulimngoja, ukachoka, kisha huko nyumbani Mayoni ukazika mgomba mahali pake, kama ifanywavyo mwili usipopatikana, na Sellah akanyolewa kama mjane. Sasa alikuwa ndani ya ovaroli yake, akidondosha maji mazito ya miwa sakafuni.

“Assalaam aleikum,” Mustafa alimwamkia, huku akiokota bisibisi zake zisilowe.

Andati aliitikia kwa kichwa, akamgeukia mkewe. “Mbona mmenizika na niko kazini?”

“Walisema ulitoroka.”

“Nitoroke vipi, na hakuna aliyenipokea? Mtu asipokuja kukupokea, zamu haiishi. Wewe unajua.”

Mustafa alishika kadi kwa vidole viwili. “Nikiitoa ataondoka. Niitoe?”

“Wacha,” Sellah alisema, akaenda kuleta tambara.

Tangu siku hiyo Andati alikuja kila mashine ilipowashwa. Sellah alitandaza nailoni kitini. Wateja walimsalimu wakingoja kazi zao. Edah, jirani, alimletea obusuma na ingokho, ugali kwa kuku, naye akashukuru, akasema mtu wa zamu hawezi kuacha tangi akale.

“Basi tangi lako lina wivu kuliko mke wa pili,” Edah alimtania, akaketi kula mwenyewe.

Sellah alikwenda kiwandani kumwomba meneja atume mtu akampokee mumewe. Meneja alimsikiliza kwa upole. Alisema kiwanda hakina utaratibu wa kumpokea mtu aliyetoroka. Kwa hiyo Sellah alilipeleka jambo hilo kwa Mungu. Kila jioni, kabla ya kuzima mashine, alipiga magoti akaomba: “Bwana, mpatie mtu wa kumpokea, apumzike.” Andati alikuwa akiinamisha kichwa na kusema amina.

Mwezi uliofuata Jairus, tarishi wa kiwanda, alifika na tangazo la kuchapwa. Mashine mpya ya ofisini ilikuwa imeharibika. Alitakiwa mwanamume mmoja, mwenye nguvu, wa chumba cha kuchemshia, zamu ya usiku.

Sellah alilisoma mara mbili. “Baba Mitchel,” alisema, “wanatafuta mtu wa kukupokea.”

Andati alisogea akatazama maneno kwenye kioo. Yale maji yakadondoka.

“Ongeza kwamba tangi halina ukingo,” alisema. “Ulioza, tukasema, hawakuurudisha. Na sakafu pale inateleza.”

“Nikiandika hivyo hatakuja mtu.”

“Andika.”

“Na wewe?”

“Andika, mama.”

Sellah aliandika. Jairus alisoma karatasi, akaikunja polepole.

“Hii ya ukingo wataikata, mzee.”

“Najua,” Andati alisema. “We peleka tu.”

Tangazo lilibandikwa langoni bila mstari huo. Jumatatu vijana walipanga foleni mpaka barabarani, wengine wamevaa mashati yao ya kanisani, na mmoja wao akachukuliwa aanze usiku huo huo.

Jumanne jioni Sellah aliwasha mashine. Ilifanya kazi vizuri sana, na Andati hakuja. Alichapa barua ya mteja mpaka mwisho, akamkabidhi, akafunga mlango. Kisha akapiga magoti ashukuru, maana alikuwa amepewa kile kile alichoomba. Shukrani haikutoka. Akaanza kumwombea yule kijana aliyepata kazi, akasita, kwa sababu hakujua jina lake.