Sauti ya Dawa ya Panya

Sauti ya Nelima haikuumbwa kwa ajili ya kubembeleza mtu. Ilikuwa nzito na ya kukwaruza, na mwalimu wa kwaya kule Webuye aliwahi kumwomba, kwa adabu zote, awe anaimba kimoyomoyo. Obiero peke yake ndiye aliyeipenda, na hakuchoka kumwambia. Sasa Nelima alisimama katika ofisi yao ya polisi mjini Thika.

"Rudia, afande."

Inspekta Kanini, mkuu wa Nelima na Obiero katika kitengo cha uhalifu wa mitandaoni, akarudia. Gathogo, mdukuzi waliyekuwa wakimwinda tangu mwaka uliopita, alikuwa ameingia ndani ya kompyuta za polisi na kuondoka na faili za maafisa wote wa kitengo. Majina, vyeo na picha.

"Na Obiero?"

"Hata yeye yumo."

Obiero naye alikuwa ndani ya nyumba ya Gathogo saa hiyo hiyo. Alikuwa amejifanya fundi wa simu aliyekosa kazi, hadi Gathogo akamchukua afanye kazi Mwiki, katika ghorofa ya juu ya nyumba ya kupanga ambako vijana wake walishinda mbele ya kompyuta. Gathogo hakuwa mtu wa mzaha. Aliwahi kuzifunga kompyuta za hospitali nzima akidai alipwe ndipo azifungue, na wagonjwa wakafa madaktari wakitafuta rekodi zao. Kijana wake mmoja aliyeshukiwa kutoa siri aliokotwa maiti katika machimbo ya mawe. Gathogo akizipitia hizo picha na kukutana na uso wa fundi wake, hakutakuwa na maneno mengi.

Simu haikufaa, kwa maana Gathogo alisoma simu za wote waliomfanyia kazi. Kuvamia pia hakukufaa. Mlango ulikuwa wa chuma, na kabla haujakatwa Obiero angekuwa ameshauawa.

"Kikosi chenye vifaa kinatoka Nairobi," Kanini alisema. "Jioni kitakuwa hapa."

"Jioni atakuwa amekufa, afande."

Kanini aliitazama saa ya ukutani.

Hapo ndipo kipaza sauti kikaanza kubwata chini ya dirisha: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, halafu upya tena tangu mwanzo. Hakuna mtaa usioijua sauti hiyo, na hakuna mtu asiyeilaani. Siku nyingine Nelima angefunga dirisha kwa kishindo. Leo alishuka ngazi mbio.

Jumapili iliyopita walikuwa wamekutana kanisani Kiuu, kama ilivyokuwa desturi yao, yeye benchi la mbele na Obiero lile la nyuma yake, kama watu wasiojuana. Waumini walipokuwa wakiimba, Obiero alimnong'oneza kwamba panya wametafuna tena nyaya za intaneti za Gathogo na bwana huyo amekuwa mkali kama pilipili. Akaongeza kuwa Gathogo hamwamini mtu. Hata mayai hununua mwenyewe na kuyachemsha mwenyewe, asije akawekewa sumu. Kisha akauliza swali lake la kila mara: ni lini utanipeleka kwa baba?

Nelima alikuwa amemwekea ahadi zamani. Siku nitakayokuambia kwa Kibukusu kwamba baba anakungoja nyumbani, uache kila kitu uje. Alikuwa amemfundisha maneno yenyewe ili ayatambue, na Obiero aliyarudia kwa lafudhi yake ya Kijaluo mpaka mbavu zikamuuma Nelima kwa kicheko. Lakini hakuwahi kumwambia. Shemeji yake alikuwa polisi, na dada yake sasa alikuwa mjane. Nelima aliogopa, basi, hakuna sababu nyingine.

Mwenye kipaza sauti alikuwa mzee wa kofia nyeupe aitwaye Idarous.

"Mzee, nataka kurekodi sauti yangu hapo."

"Na yangu ina kasoro gani?"

"Haina. Lakini kuna mtu anaijua yangu, na maisha yake yako hatarini."

Idarous alimtazama usoni, akamkabidhi mashine bila swali la pili.

Kanini aliguna aliposikia mpango huo. "Nikifutwa kazi, mimi na wewe tutauza hiyo dawa pamoja," alisema, akachukua funguo za gari.

Kufikia adhuhuri Idarous alikuwa akipita mbele ya ile nyumba ya Mwiki, na maafisa waliovaa kiraia wakila soseji kandokando. Uso wa Nelima ulikuwa katika zile faili, kwa hiyo alijificha ndani ya gari nyuma ya kibanda cha mboga, akijisikiliza. Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Halafu, kwa Kibukusu: baba anakungoja nyumbani.

Mwiki ina watu wengi wa kwao. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo ghorofani akacheka, akamwita jirani. "Skia huyo! Nani anangojwa na mzee wa watu?"

"Si aende tu, jamani," jirani akajibu.

Kipaza sauti kilirudia, na mlango haukufunguka. Kikarudia tena. Juu, dirisha la Gathogo likafungwa. Nelima aliamini amemuua Obiero kwa sauti yake mwenyewe.

Kisha mlango wa chuma ukafunguka. Alitangulia Gathogo, kajitu kafupi kenye fulana na malapa, na Obiero akafuata.

"Hii inaua kweli?" Gathogo alimuuliza Idarous, akigeuzageuza pakiti. "Juzi niliuziwa unga."

Kimbia, mjinga wewe, Nelima aliomba moyoni. Obiero hakukimbia. Aliuvuta mlango nyuma yake taratibu hadi ukajifunga, akauegemea. Maafisa wakatupa soseji zao, na Gathogo akatiwa pingu kabla hajaiachilia pakiti.

Ghorofani vijana walisalimu amri bila vurugu, na kompyuta ya mkubwa wao ilikutwa wazi. Picha iliyojaa kwenye skrini ilikuwa ya Nelima. Majina yalipangwa kwa alfabeti, na lililofuata lilikuwa la Obiero.

"Alikuwa anaangalia uso wako wakati sauti yako ilipoingia dirishani," Obiero alimwambia pale garini. "Nikamwambia, mkubwa, dawa ya panya hiyo, nikuletee? Nilijua atakataa, aende mwenyewe."

Nelima alimkumbatia, akalia waziwazi mbele ya Kanini na Mwiki yote, na wala hakuona aibu. Barabarani Idarous alikuwa amezungukwa na wateja, na kipaza sauti kilizidi kutangaza.

"Hiyo ya baba," Obiero akauliza polepole, "ilikuwa ya kazi tu?"

Nelima alipangusa kamasi, akatoa simu.

"Baba," alisema kwa ile sauti ya kukwaruza, "kuna mtu nimemwambia unamngoja. Sasa itabidi umngoje kweli."

"Nimengoja sana," mzee akajibu. "Mwambie aje na gambuti. Huku kunanyesha."