Bibi Anayelala kwenye Kila Picha

Mgeni aliingia pamoja na mvua. Mpigapicha alikuwa amepiga goti mbele ya mtungi aliouvika kilemba, akiujaribia taa yake mpya na kuubembeleza, "Tabasamu kidogo, bibi," mara sauti ikajibu kutoka mlangoni:

"Huyo hatabasamu ng'o. Nipige mimi, mwanangu."

Alikuwa mama mtu mzima, mwokaji wa mikate. Ungemjua hata kabla hajasema, kwa unga ulioganda kwenye mikunjo ya viwiko na harufu ya chachu iliyoingia naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nina shida, lakini usinicheke. Mimi nalala kwenye picha."

Akafungua mfuko wa plastiki na kupanga picha mezani. Harusi ya binti yake: macho yamefumba. Siku ya kufungua duka la mikate: yamefumba. Nje, juani: yamekunjwa kama ya mtu anayeonja ndimu. Miaka thelathini mbele ya mdomo wa tanuri ilikuwa imeyafundisha macho yale kujifunga mara tu yaguswapo na mwanga mkali.

"Nina mjukuu ng'ambo, ana miaka minne. Simu yangu mimi ni ya tochi, kwa hiyo ananijua kwa hizi tu. Ananiita Bibi Anayelala. Juzi kamuuliza mama yake, 'Bibi ataamka lini?'" Akacheka, lakini kicheko kiliishia njiani. "Mpwa wangu anasafiri kwenda huko leo. Saa nane atapita hapo nje kuchukua bahasha. Nimeona kibao chako, nikajitosa."

Ilikuwa saa saba na dakika tano. Mpigapicha alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, na mdomo wake ulizoea kutangulia kila alipoguswa moyo.

"Atamwona bibi aliyeamka," alisema. "Macho wazi, na sura ambayo mtoto hataiogopa. Nakuahidi, mama."

Ile taa mpya, flashi ya kupachika juu ya kamera, kwa kweli ilikuwa ya mtumba, ameipata baada ya miezi mingi ya kuruka chakula cha mchana. Jumamosi ingekwenda naye kwenye harusi, kazi yake ya kwanza nje ya chumba hiki. Hakutaka kuichosha. Akaichomoa, akatumia taa ndogo iliyomo ndani ya kamera yenyewe.

Macho yamefumba. Akarudia. Yamefumba. Akajaribu bila taa yoyote, na katika giza lile la mvua mama akatoka na ukungu, kama mtu anayeonekana kupitia mvuke wa sufuria.

Fundi cherehani wa chumba cha pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Pindo, alichungulia, futi yake ikining'inia shingoni. "Mama, shikilia kope kwa vidole."

"Na wewe shona huo mdomo," mama akamjibu, na wote watatu wakaangua kicheko.

"Kaka Pindo, njoo ubonyeze wewe," mpigapicha akasema. "Mimi nataka kumtazama."

Akachuchumaa kando ya kiti, uso wake karibu na shavu la mama, akaacha hata kupumua. Pindo akabonyeza. Ndipo binti akaona: mianga ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa mdogo mno, kama kikohozi kinachotangulia chafya, wa kamera kupimia chumba. Wa pili ndio wa picha. Kope za mama zilianguka katikati ya hiyo miwili, nyepesi kama pazia lililoachiwa.

Na flashi yake ya mtumba haikujua kupima kitu. Wiki mbili nzima alikuwa akiilalamikia kwamba lazima uipangie nguvu kwa mkono, ukikosea umekosea, maana yenyewe inamulika mara moja tu, basi.

"Mara moja tu!" akasema kwa sauti, na mama akamtazama kana kwamba binti wa watu amepandwa na homa.

Akaipachika, akamulika moja kwa moja. Macho yalikuwa wazi! Mama akapiga kigelegele, kisha akaisogelea picha. Uso ulikuwa mweupe kama umetumbukizwa kwenye unga, kivuli cheusi kimesimama nyuma, macho yametumbuka.

"Huyu ameamshwa na wezi," alisema Pindo.

"Inatosha, mwanangu," mama akasema taratibu. "Si macho yamefumbuka?"

Yalikuwa wazi, ndiyo. Angeweza kuishia hapo, akaitunza flashi yake. Lakini ahadi yake ilikuwa na sehemu mbili, na ya pili ilikuwa ya mtoto.

Akaigeuza flashi itazame dari, ili mwanga uteremke kwa upole. Dari ilipakwa kijani na mpangaji wa zamani, na mama akatoka wa kijani.

"Sasa ameamka mgonjwa," Pindo akasema.

"Kaka Pindo, bitana nyeupe unayo?"

Wakaitundika kwenye kamba, kutoka msumari hadi mlango. Akaielekezea flashi, na mwanga ukarudi kutoka kwenye kitambaa laini kama maziwa ya uvuguvugu. Kwa nukta moja chumba kile chembamba kilielea. Mvua ikawa mbali, mikunjo ya uso wa mama ikawa kama mistari ya upepo juu ya mchanga.

Ila kitambaa kilikuwa kikimeza mwanga. Ilibidi flashi itoe nguvu zake zote, na karatasi ya ndani ya boksi ilikuwa imeonya: kwa nguvu zote, usizidishe mara kumi na tano bila kuipumzisha. Mama, macho wazi, alikuwa amejikaza kama anayesubiri sindano. Kumi. Kumi na tatu. Plastiki ikawa ya moto, pakaanza kunuka. Saa ilisema saa nane kasoro dakika sita.

"Mdogo wangu," Pindo akanong'ona, "na Jumamosi je?"

Alimsikia. Akapiga tena, na tena, kisha akashusha kamera.

"Mama, mjukuu akitokea hapo mlangoni sasa hivi, utamwambiaje?"

Mama akageuka kidogo. Mabega yakashuka. Uso wote ukafunguka kama mlango wa nyumba yenye watu.

"Karibu, mume wangu. Nimeshaamka."

Mwanga ukatoka na mlio mdogo, kama punje ya mahindi ikipasuka kikaangoni. Taa nyekundu ya flashi ikazimika. Binti akabadilisha betri, akasubiri. Haikuwaka tena.

Kwenye kioo cha kamera, bibi alikuwa macho, na alikuwa akimtazama mtu anayempenda.

Nje honi ikalia. Mashine ya kuchapia ikaitoa picha polepole, na binti akaipepea, akaitia kwenye bahasha, na bahasha kwenye plastiki.

"Mbona hiyo taa yako inanuka?" mama akauliza.

"Usijali, mama. Kimbia, mpwa wako anasubiri."

Binti alisimama mlangoni mpaka bahasha ilipopokewa kwenye dirisha la gari. Kisha akafuta mikono, akachukua simu, akatafuta namba ya mama wa bibi harusi wa Jumamosi.