Bendera za Ishtiyak

Ramdhari hakuwa na mke, hakuwa na meno ya juu, hakuwa na runinga, na tangu Ishtiyak fundi cherehani alipohama hakuwa na mtu wa kunywa naye chai. Mwana alikuwa naye. Nakul aliwaongoza vijana wa mtaa, wale waliokusanyika uwanjani kila alfajiri na fimbo zao, wakapiga kwata na kuapa kuiamsha nchi ya Wahindu.

Bendera za rangi ya zafarani zilizopepea juu ya mapaa zilishonwa na Ishtiyak, Mwislamu, kama baba yake alivyozishona kabla yake. Kisha vijana wakapita nyumba kwa nyumba, wakaagiza asipelekewe tena nguo. Kioo cha duka kikavunjwa. Ishtiyak akaenda kwa dada yake, mjini Bhopal.

Siku hiyo hiyo bendera zilianza kushuka. Jioni, watu wakianua nguo, zilijifungua kwenye milingoti, zikateremka ngazi, zikawapisha ng'ombe, zikajikunja mbele ya mlango wa fundi, zilizochanika zikiwa juu. Asubuhi vijana walizizoa na kuzipandisha upya. Walinunua za kiwandani; nazo zikajifunza njia. Jirani mmoja alilalamika tu kwamba zinamvurugia pilipili alizoanika.

"Baba, hatumchukii mtu," Nakul alisema. "Lengo letu ni Wahindu tuwe kitu kimoja."

"Shati lako la kwanza la shule alikushonea nani?"

"Baba mdogo Ishtiyak." Nakul aliinamia kikombe. "Lakini hakufukuzwa. Aliambiwa ahame."

"Ahaa! Unisamehe, mwanangu. Mimi nilidhani alifukuzwa."

Wiki hiyo Ishtiyak alipiga simu. "Kaka, huku sina mteja hata wa kifungo. Nije sikukuu ya Diwali, nifungue duka?"

Ramdhari alisema atamjibu. Usiku alimuuliza mwanawe, "Akirudi, utasimama mlangoni kwake kumlinda?"

"Siwezi, baba."

"Si wewe kiongozi wao?"

"Ndiyo maana siwezi."

Ramdhari akamwongezea chai.

Kwa simu alishindwa kulisema, kwa hiyo kesho yake aliandika: "Ndugu yangu Ishtiyak, usirudi. Nakul ni mzima. Chai ya hapa siku hizi haina ladha."

Alipokuwa akitafuta gundi, bendera ndogo ya paa lake mwenyewe iliingia kwa mlango wa nyuma, upindo umechanika, ikapanda mezani na kujikunja ndani ya bahasha. Hakuitoa. Aliongeza mstari mmoja chini ya barua: "Ukipata nafasi, ishone."

Akaifunga bahasha, nene kama mkate. Njiani alizipisha bendera nyingine zilizokuwa zikienda kumngojea fundi. Kwenye sanduku la posta bahasha ilikwama kidogo. Akaisukuma kwa kiganja mpaka ikaingia.