Aliyeipiga Picha ya Mama

Nilifika dukani saa tisa na nusu, na duka lilikuwa linafungwa saa kumi. Kesho yake asubuhi tulikuwa tunamzika mama, na ukoo mzima ulikuwa umenipa kazi moja tu: picha ya kuweka mbele ya jeneza.

"Picha hii umeipiga wewe?" fundi aliuliza, simu yangu ikiwa mkononi mwake.

"Kwani nani mwingine?"

Alinionyesha kwa kidevu karatasi iliyobandikwa juu ya mashine: hawasafishi picha bila idhini ya aliyeipiga. Mwaka uliopita alisafisha picha za harusi ya watu, mpiga picha akaja na askari, na tangu siku hiyo fundi haamini mtu. Nilimwona ana roho ngumu. Mimi nimefiwa, hata kama sijamwambia, yeye ananihoji kama nimeiba kuku.

"Basi nionyeshe zilizopigwa pamoja nayo," alisema. "Mtu hapigi moja. Anapiga tano, sita, nyingine macho yamefumba, nyingine imetikisika. Asiye mwenyewe huwa na ile nzuri tu."

Nikaanza kupekua simu. Nilijua hamna kitu, lakini vidole viliendelea kupekua. Nilikuwa na hiyo moja: mama mlangoni, kitambaa kimemteleza kichwani, anacheka mpaka pengo lake linaonekana.

"Nilizifuta. Simu ilijaa."

"Na hii imetumwa huku na huku mpaka imekonda. Nikiikuza, uso utakuwa madoa matupu. Hata ingekuwa yako, dada, haifai. Nataka ile ya asili."

Hapo uongo uliniishia. Picha aliipiga mdogo wangu wa kiume. Aliituma kwenye kikundi cha familia, nikaiweka kwenye ukurasa wangu, watu wakanisifu kwamba nina jicho la picha, nikanyamaza nikala sifa. Baadaye mama alilazwa hadi akapona, yeye hakuja, nikamwambia asinipigie tena simu maisha yake yote. Kwenye kikundi nilimtoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu juzi shangazi alikuwa akiniuliza kama nimempa mdogo wangu taarifa ya msiba. "Simpati, shangazi," nilimjibu, mara tatu, na watu wote wakaamini hapatikani. Namba yake sikuwa nimeibonyeza hata mara moja. Asubuhi ya kwanza nilizuiwa na hasira. Kufikia jioni nilikuwa naogopa, maana angeniuliza kwa nini nimechelewa.

"Ni ya mdogo wangu," nilimwambia fundi.

Hakunicheka. Alinisogezea fomu. "Andika namba yake, na picha ni ya nini. Nitampigia mwenyewe."

"Acha nimpigie mimi."

"Wateja huwapigia binamu zao wajifanye ndio waliopiga picha, dada. Huo ndio utaratibu wa duka."

Namba niliijua kwa kichwa, jambo lililoniudhi. Chini yake niliandika neno moja, mazishi. Saa ya ukutani ilisema kumi kasoro dakika nane. Nilitaka kuichana ile fomu, lakini bila picha ningerudi nyumbani nikawaambie nini watu?

Fundi alibonyeza namba bila kusoma mstari wa chini, akaweka spika. Iliita mara moja tu. Akajieleza, akaieleza na picha.

"Ya mlangoni?" Sauti ya mdogo wangu ilichangamka. "Hiyo ni yangu. Ninazo saba, nakutumia zote, uchague. Aliyeileta ni dada yangu?"

"Ni yeye."

"Kumbe bado anayo." Alicheka kidogo. "Msafishie kubwa. Mwezi ujao nakuja, nataka niikute ukutani. Nilikuwa nataka kumwambia mama leo, ila simu yake haipatikani tangu juzi. Mwambie dada amkumbushe kuichaji."

Fundi alikuwa ameivuta fomu ili aweke tiki. Macho yake yalifika mstari wa chini, yakakaa hapo. Akatoa spika taratibu, akanipa simu.

"Hili si la duka," alisema, akaenda kusimama mlangoni, akinipa mgongo.

Niliiweka sikioni. Mdogo wangu alikuwa bado anaongea, anaeleza ni ipi kati ya zile saba mama ameipenda zaidi. Nikamwita kwa jina lake la utotoni, na akanyamaza papo hapo.