Sauti ya Nyamongo

Jioni ya kuamkia mazishi, Celestine aliketi jikoni kwa Persis, simu mkononi, akiomba betri iishe. Simu nazo hazina utu: ukizihitaji zinazima, ukiziombea zizime zinakukodolea macho.

Ndani ya simu mlikuwa na kipande cha video ya chemsha bongo ya shule za sekondari, ile iliyokuwa ikirushwa zamani na kituo kimoja kidogo cha televisheni mjini Kisii. Wakati huo Celestine na Nyamongo walikuwa kidato cha tatu, bega kwa bega nyuma ya kengele ya kujibia. Nyamongo alikuwa moto wa kuotea mbali. Swali halijaisha, kengele imeshalia. Kwao Gesima, kijiji kizima kilisimulia ushindi ule, ila mama yake, Persis, hakuuona. Stima ilikuwa haijapanda mlima wao, na siku hiyo alikuwa akichuma majani chai katika shamba la watu ili mwana asome.

Sasa figo zilikuwa zimemwua Nyamongo, na mwenzao wa shule akaifukua video na kumtumia Celestine. Persis aliposikia, aliagiza skrini kubwa na spika, waombolezaji wote waione kesho.

“Picha zake ninazo, mwanangu,” alisema. “Sauti ndiyo sina. Hebu niwekee mimi kwanza.”

Celestine alijua kilichomo. Kabla ya maswali, mtangazaji alimtaka kila mshindani asalimie watu wa kwao na kutaja kazi ya wazazi wake. Nyamongo, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, alisema baba yake ni mwalimu mkuu na mama yake ni nesi wa hospitali kubwa. Baba mwenyewe alikuwa kaburini tangu mtoto akiwa chekechea! Celestine alinyamaza siku ile. Wanafunzi wa bweni walidanganyana hivyo kila muhula. Nani angejua kwamba uongo wa kitoto ungengoja hadi matanga?

Alibonyeza. Nyamongo akatokea, shingo nyembamba, tai imepinda. Persis akaishika simu kwa vidole vyake vilivyoingia weusi wa utomvu wa chai, akacheka na kulia kwa pamoja.

“Anasema nini?”

“Anasalimia watu wa Gesima. Anasema mama yake huchuma chai, na ndiye anayemsomesha.”

“Rudisha.”

Celestine akarudisha. Persis alisikiliza amefumba macho. Kiingereza hakukijua, lakini alikuwa amekesha wodini kando ya mwanawe, na kuna neno moja alilokuwa akilipaza kila maumivu ya mwanawe yalipozidi.

“Nesi,” alisema polepole. “Nesi ni nani?”

Celestine alitafuta uongo mwingine akaukosa. “Ni wewe, Mama.”

Nje vijana walikuwa wakifunga turubai. Persis alizitazama zile picha zikitembea mpaka zikaisha.

“Alinitafutia kazi nzuri,” alisema. “Na kesho walimu wake watakuja?”

“Watakuja.”

“Basi waonyeshe. Lakini sauti uifunge.”

Kesho yake, kando ya jeneza, Nyamongo alitokea kwenye skrini. Akafungua kinywa, akatabasamu, akaongea. Hakuna kilichosikika.

“Sauti!” watu wakapaza kutoka nyuma. “Fundi, tunataka kumsikia!”

Fundi wa mitambo alimgeukia Celestine. Celestine aliinamisha kichwa.

“Spika ni mbovu,” alisema Persis kutoka mstari wa mbele, bila kugeuka. “Mwacheni hivyo hivyo.”