Salamu kwa Mzee Kasmir

Mwenyekiti Sadalla alimpa Evarista, katibu wake, wiki mbili aandike taarifa ya mwaka ya chama, na wiki mbili zikaisha karatasi ikiwa na kichwa cha habari tu: Taarifa ya Katibu, Januari hadi Desemba 1997. Si kwamba alikosa la kuandika. Mwaka ule chama cha wapenzi wa salamu cha Kariakoo kiliitisha makongamano manne, na hapakuwa na mtu aliyeyajua kuliko yeye. Alijua nani alikuja na treni, nani alilala kwa nani Buguruni, ukumbi upi ulikuwa na feni mbovu, na bwana gani wa Tanga aliyesusa pilau kwa sababu jina lake lilirukwa wakati wa utambulisho. Yote yalikuwa kichwani. Lakini kila aliposhika kalamu kuanza na mwezi wa Machi, moyo ulimtangulia ukaenda kukaa Desemba.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa milango. Redio za Dubai zilipangwa Mtaa wa Kongo kama mafungu ya nyanya, na baada ya miaka mingi ya kusikiliza stesheni moja, watu wa Dar wakaanza kuzungusha kisahani cha redio kutafuta wanayoitaka. Lakini kipindi cha salamu kilibaki kile kile. Unanunua kadi, unaandika majina ya watu unaowasalimu na ujumbe wa mstari mmoja, unaituma, halafu unakaa kungoja siku mtangazaji atakayoisoma. Wengine walisalimiana hivyo miaka na miaka bila kuonana. Kila mmoja alikuwa na jina lake la hewani. Sadalla, karani wa kutoa mizigo bandarini, alijiita Mzee wa Kontena ingawa hata arobaini hajafika. Winifrida wa Kihonda, Morogoro, muuza mboga mwenye kicheko kinene, alijiita Chozi la Mnyonge. Evarista aliitwa Binti Kasmir wa Mchikichi.

Jina hilo alilipenda. Mchana alikuwa mama wa makamo asiye na mume wala mtoto, anapanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha Bwana Indravadan, na wateja walimwita "wewe mama" au hawakumwita kabisa. Jumapili saa nane jina lake lilisomwa nchi nzima, na la baba yake ndani yake.

Wazo la kukutana lilikuwa lake. "Miaka sita tunasalimiana," alimwambia Sadalla mwanzoni mwa mwaka ule. "Tukipishana sokoni tutakanyagana vidole tusijuane."

"Sasa unatakaje?"

"Tuitane. Tukae ukumbini, kila mtu asimame ataje jina lake, tumwone."

Wiki hiyo hiyo ilifika barua ya baba yake kutoka kijijini, karibu na Ndanda. Mzee Kasmir alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mwandiko wake wa siku zote ulikuwa wa kunyooka kama mistari ya shamba. Safari hii maneno yalipanda na kushuka. Macho yameingia ukungu, aliandika. Njoo unione wakati bado nakuona.

Evarista alilia kidogo, akajifuta, akaandika jibu: atakuja Pasaka.

Pasaka likafanyika kongamano la kwanza, katika ukumbi karibu na Mnazi Mmoja. Walitarajia watu hamsini, wakaja mia na kumi. Evarista alisimama mlangoni na beji alizozichapa mwenyewe, akimbandika kila mtu jina lake la hewani kifuani. Watu waligeuka, wakasoma vifua vya wenzao, wakapiga mayowe. Mabibi wawili wa Kibaha na Temeke, waliokuwa wakirushiana vijembe redioni tangu mwaka 1992, walikumbatiana wakagoma kuachana. Winifrida alimshika Evarista mabega na kumtazama juu mpaka chini. "Kumbe mfupi hivi! Mimi nilidhani Binti Kasmir ni pande la mama!" Siku ile Evarista alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Jioni akajaza kadi: Salamu kwa baba yangu mpenzi Mzee Kasmir, Ndanda. Ujumbe: subira yavuta heri, nakuja Saba Saba.

Lakini walioikosa Pasaka waliona wivu, wakadai la kwao, na Saba Saba ndiyo siku wageni wa mikoani wanafurika mjini. Evarista akaingia tena kazini. Asubuhi anapanga herufi, mchana anakimbia Posta kuuliza barua, jioni yuko Buguruni kutafuta vyumba vya wageni. Bwana Indravadan hakuwa mkali. Alimwazima mashine baada ya saa za kazi na alimtaka alipie karatasi tu. Siku moja alimkuta anapanga programu ya ukurasa mzima, akavua miwani.

"Evarista, likizo yako ya mwaka jana hukuchukua. Ya mwaka huu pia hutaki?"

"Nitachukua, bwana. Oktoba."

"Baba yako bado mzima?"

"Mzima, ila macho tu."

"Basi nenda," alisema Indravadan. "Mimi wangu alikufa Jamnagar, India, nikaambiwa kwa barua, baada ya mwezi." Akavaa miwani, akaondoka.

Saba Saba walikuwa mia tatu. Septemba chama kikapanda treni kwenda Morogoro kwa wenzao, ngoma na nyimbo njia nzima, na Evarista ndiye aliyeketi na orodha magotini akihesabu watu kila stesheni asipoteze hata mmoja. Baada ya kila kongamano alituma kadi redioni ya kumsalimu baba yake. Barua kutoka kwa baba hazikuja tena. Oktoba ikaja ya kaka yake, Beno, fupi: Mzee hatoki kitandani sana. Anakuulizia.

Aliionyesha kwa Sadalla, wakiwa wamekaa kwenye benchi la muuza kahawa. Sadalla aliisoma mara mbili.

"Dada Eva, nenda. Desemba tutajikongoja wenyewe."

"Mtajikongoja vipi? Nani anajua wageni wa Iringa wanafikia wapi? Ukumbi nani ataufuatilia?"

"Tutauliza."

"Nitakwenda Desemba ikiisha. Miezi miwili tu na kidogo." Akaikunja barua, akaongeza, "Nimeshamsalimia Jumapili. Kasikia."

Sadalla alimalizia kahawa yake. Alikuwa mdogo kwake, na mdogo husema mara moja.

Kisha zikaja mvua zile. Wakubwa kwa wadogo walijifunza neno la Elnino mwaka ule. Mito ilipasua kingo, barabara ya kusini ikakatika, mabasi ya Masasi yakalala upande huu wa Rufiji siku kwa siku, na wengine wakarudi mjini na mizigo yao imelowa. Evarista alisikia habari hizo akiwa anachapa kadi za mwaliko, na ukweli ni kwamba moyoni alipata nafuu kidogo. Sasa si yeye aliyekataa kwenda. Ni maji.

Kongamano la nne lilipangwa Jumamosi, siku mbili baada ya Krismasi. Ijumaa yote Evarista alikuwa peke yake katika kiwanda cha uchapaji, Bwana Indravadan amemwachia ufunguo, mashine inagonga tangu asubuhi mpaka jua linashuka. Alitaka programu iwe na rangi mbili. Redio ilikuwa rafuni nyuma yake, imezimwa, kwa sababu kelele za mashine hazikuacha mtu asikie kitu. Alirudi chumbani kwake mikono imejaa wino, akaoga, akalala kama gogo.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika ukumbini. Alipanga viti, akafuta meza kuu, akasimama mlangoni na sahani ya beji. Wakaja wageni wa Iringa.

"Pole, dada," mmoja wao akasema, akimshika mkono kwa mikono miwili.

"Nimeshapoa. Poleni na safari."

Akaja yule bibi wa Kibaha. "Pole sana, mwanangu. Pole."

"Asante, bibi. Ndiyo kazi yenyewe."

Bibi alimtazama, akaenda kukaa. Evarista aliona watu wanaongea kwa sauti za chini, na hakuna aliyepiga mayowe ya kusoma beji. Alidhani ni uchovu wa sikukuu na matope. Kila aliyeingia alimpa pole, naye akawa anazijibu zote kwa tabasamu, nimeshapoa, nimeshapoa, huku akibandika majina vifuani. Ndani yake alifurahi. Alisema moyoni, leo wameona ninavyohangaika.

Winifrida aliingia saa nne, kanga kiunoni, ya pili kichwani, kicheko hana. Alimkumbatia muda mrefu.

"Eva, umepata wapi nguvu za kuja huku? Sisi tungeelewa."

"Kuelewa nini?"

"Na kuzika wanazika lini? Leo hii hii? Tangazo halikusema vizuri."

"Tangazo gani, Wini?"

Winifrida alimwachia. Akaweka mkono mdomoni. Ukumbi mzima ulikuwa umewageukia, watu mia mbili na zaidi, na Evarista akawatazama mmoja baada ya mwingine akiomba kwa macho atokee mmoja wa kucheka.

"Redio ya jana jioni," Winifrida alisema polepole. "Matangazo ya vifo. Mzee Kasmir, mwalimu mstaafu, wa Ndanda. Habari zimfikie binti yake Evarista popote alipo, Dar es Salaam. Sisi wote tumesikia, Eva. Tulijua na wewe umesikia."

Sahani ya beji ilimtoka mkononi. Hakulia pale. Aliinama, akaanza kuziokota, moja moja, anazifuta matope na kuzipanga, mpaka Sadalla alipokuja kuchuchumaa mbele yake na kumwambia, "Acha, dada. Acha." Hapo ndipo sauti ilipomtoka, na wanawake wakamzunguka.

Kongamano likageuka msiba. Viti vikasogezwa ukutani, mikeka ikatandikwa, na wale waliokuja kuonana sura wakakaa na mfiwa hadi jioni. Sadalla alikwenda bandarini akamtafutia nafasi katika meli ya Mtwara ya Jumanne. Evarista alifika kijijini Mwaka Mpya, kwa lori lililokwama mara tatu. Baba yake alikuwa na siku tano ardhini.

Beno hakumlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi. Alimweleza tu, akichokonoa moto. Paroko ndiye aliyepeleka tangazo kwa simu ya misheni, kwa maana hawakuwa na njia nyingine ya kumpata.

"Salamu zangu alikuwa akizisikia?" Evarista aliuliza.

"Mwanzoni, ndiyo. Alikuwa anaita majirani, wanajaa barazani. Likisomwa jina lako anapiga makofi."

"Halafu?"

"Baada ya Saba Saba alisema sauti ile ni ya mtangazaji, si ya Evarista. Akampa redio Shangazi. Hakuiulizia tena."

Hayo yote Evarista aliyakumbuka juu ya karatasi yenye mstari mmoja. Siku ya mkutano mkuu, Februari, alisimama na kusoma taarifa aliyoiandika asubuhi ile ile, nusu ukurasa. Alitaja Machi, Julai na Septemba, idadi ya watu na mahali. Kuhusu Desemba aliandika: Kongamano la nne halikufanyika kwa sababu ya msiba wa katibu. Katibu anawashukuru wote waliokaa naye. Katibu anaomba kupumzishwa.

Mzee mmoja wa Buguruni alinyoosha mkono, akapendekeza chama kitume kadi ya pamoja, majina yote, kuipa pole familia ya marehemu. Watu wakapiga makofi.

"Msitume," Evarista alisema. Akaona amekuwa mkali, akalainisha sauti. "Asanteni sana, lakini msitume. Nitawapelekea mwenyewe."

Sadalla alimsindikiza hadi kona ya Mtaa wa Mchikichi. "Tulikubebesha mzigo mkubwa," alisema. "Ningekulazimisha uende."

"Uliniambia, Sadalla. Mwezi wa kumi, pale kwenye kahawa. Na Bwana Indravadan aliniambia." Walisimama wakapisha mkokoteni. "Nilipenda mno kuitwa jina lile."

Barabara ya kusini ilifunguka mwishoni mwa Mei. Evarista alichukua likizo zake zote mbili kwa mpigo, akakaa siku mbili kando ya Rufiji kusubiri kivuko pamoja na wasafiri wengine, akafika kijijini siku ya nne. Hakuwa ametuma barua wala kadi. Shangazi, dada wa marehemu, alikuwa uani anapeta mpunga, naye hakuacha kupeta.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umechelewa tena."

"Nimechelewa, Shangazi."

Ungo ulikwenda juu na chini mara kadhaa. Kisha Shangazi akauweka chini, akajishika kiuno, akasimama kwa taabu.

"Mvua zimeotesha majani hadi juu ya kaburi," alisema. "Jembe liko nyuma ya mlango. Lichukue, twende kabla jua halijakuwa kali."