Mbao Zilizonyooka

Baba alikuwa kinyozi, na si kinyozi wa mashine. Mashine alikuwa nayo, ikining'inia kwenye msumari pembeni mwa kioo, lakini aliitumia kwa watoto na kwa watu wenye haraka. Wengine wote aliwanyoa kwa wembe wa kukunja, aliounoa kwenye ukanda wa ngozi huku akipiga soga, na sijapata kusikia kwamba kuna mtu aliinuka kwenye kile kiti akivuja damu. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mlango mmoja ulitazama barabarani na mwingine ulitokea sebuleni, kwa hiyo umbea wa mtaa mzima niliujua kabla sijajua kusoma.

Kiharusi kilimkuta amesimama nyuma ya kiti. Miguu ilirudi, ulimi ukarudi, ingawa mzito kidogo asubuhi, lakini mkono wa kulia ulikataa. Uliweza kushika kikombe, kisha ukamwaga nusu ya kilichomo. Mama akalifunga duka kwa komeo. Baba akahamia kwenye kochi, akanyamaza, na kimya chake ndicho kilichonitisha kuliko ugonjwa. Huyu alikuwa mtu wa kuzungumza hata na ukuta.

Yule dada wa mazoezi hospitalini alisema mkono unataka kazi ndogondogo za vidole, akatupa shanga Baba awe anazitunga. Baba akazitazama kwenye kisahani, kisha akanitazama mimi.

"Nikishazitunga atavaa nani? Wewe, na shingo hiyo?"

Mimi nauza rangi na misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mdomo wangu unajulikana. Baba mwenyewe ndiye aliyenibandika jina la Pilipili. Siku hiyo nilimjibu ovyo, nikaenda kazini nimenuna. Lakini wakati wa kurudi nilipita mbele ya duka la vitu vya kuchezea, nikaona boksi lenye picha ya meli ya matanga, milingoti mitatu, kamba kila mahali. Ndani mlikuwa na vipande vya mbao, na kazi ya kuvigeuza meli ilikuwa ya mnunuzi. Nikalinunua, nikijiandaa kutupiwa usoni.

Hakunitupia. Alimwaga vipande mezani, akavichambua kwa mkono wa kushoto, akaitandaza ile karatasi ya maelekezo. Ilikuwa imejaa michoro na lugha ambayo hakuna aliyeijua humo ndani. "Afadhali," akasema. "Sitabishana na mtu." Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu atoke hospitali, na Mama aliyekuwa akishona mapazia kwenye cherehani yake aliinua kichwa.

Kwanza alisimamisha mkuku, ule ubao wa chini unaobeba meli nzima, akachomeka mataruma yake, yaani mbavu. Hayo yalikaa yenyewe kwa sababu yalikuwa yamekatiwa nafasi. Shughuli ilikuwa kuzivika mbavu. Kulikuwa na fungu la mbao nyembamba kama rula, na kila moja ililowekwa, ikapindwa juu ya mvuke wa birika, ikapakwa gundi na kubanwa kwa vibanio vya nguo mpaka ikauke. Ukibandika ubao mmoja kushoto, unaofuata lazima uwe wa kulia. Ukikamilisha upande mmoja peke yake, meli nzima inajinyonga. Baba alilielewa hilo kabla yetu.

"Ni kama kunyoa sharafa za mashavuni," akasema. "Unapunguza huku, unapunguza kule. Ukijisahau upande mmoja, mtu anatoka hapa uso umeenda upande."

Ubao wake wa kwanza ulikaa vibaya, na wa pili ukaushinda wa kwanza kwa ubaya. Gundi ilifanya mabonge. Mkono ulikuwa ukifika karibu kabisa na pale alipotaka, halafu unaruka pembeni, na alikuwa akiutazama kwa hasira kama mfanyakazi anayechelewa kila siku. Lakini hakuacha. Na polepole mbao zikaanza kutulia. Zilipangana, zikabusiana kingo, hata ukipitisha kidole huoni pa kukwama. Baba akaanza tena kutania watu. Jioni nikirudi ananiita kabla sijavua viatu: "Pilipili, njoo uone kazi ya leo."

Ndipo aliposema lile neno. "Siku nikifunga ubavu huu wa meli mpaka juu, nafungua duka."

Alimwambia hivyo hata Bwana Posta. Bwana Posta ni rafiki yake, alikuwa karani wa posta hadi alipostaafu, na tangu ujana wao hakuna mkono mwingine uliowahi kumnyoa. Baba alipougua, yeye aliziacha ndevu zake zikaota. Mkewe alilalamika kwamba analala na fagio. Watu walimwambia kuna vinyozi barabara ya pili, akawajibu kwamba na makaburi pia yapo barabara ya pili, na yeye haendi.

Basi siku moja nilisahau funguo za stoo ya kazini, nikarudi nyumbani kuzichukua saa ambayo huwa sipo. Baba alikuwa amelala chumbani, kama kawaida yake baada ya chakula. Mama alikuwa mezani. Cherehani ilikuwa imefunikwa, birika likifuka, naye ameinamia meli, pini mdomoni. Kwa ncha ya kisu aliunyanyua ubao ambao Baba alikuwa ameubandika asubuhi, akauweka kwenye mfuko wa aproni, akachukua mwingine, akaupinda juu ya mvuke, akaulaza mahali pake. Mikono ya mtu aliyeshona maisha yake yote. Haikupapasa hata kidogo.

Nilimvuta mpaka jikoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Punguza sauti."

"Tangu lini?"

Akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kola, moja moja. "Mara ya kwanza ubao ulikuwa umeachia wenyewe. Nikaona niubandike vizuri, basi. Alipoamka akauona, akaniita nije nitazame. Alikuwa anacheka. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia ukweli! Anataka kurudi kushika wembe, Mama. Wembe! Atamchinja mtu."

"Hatafika huko."

"Atafika. Amesema akifunga ubavu anafungua."

"Wewe una ulimi," Mama akasema, "mimi nina mume. Aliyekuwa kwenye lile kochi hakuwa mume wangu, alikuwa mzigo wa nguo. Sasa amerudi. Nenda kamwondoe tena kama unaweza."

Nikamwambia nitaweza. Nikamwambia na mengine ambayo mtoto hamwambii mama yake. Jioni nikaingia sebuleni nimekaza uso, Baba akaigeuza meli kuelekea kwenye taa ili niuone vizuri ule ubao, akanisubiri niseme kitu. Nikasema ni mzuri. Niliingia bafuni nikafungua bomba ili wasinisikie nikilia. Mama akaniahidi atamwambia mwenyewe, kabla ubavu haujafungwa. Kila siku ilikuwa kesho. Ubavu ukafungwa.

Jumamosi asubuhi Baba alivaa koti lake jeupe la kazi, Mama ndiye aliyelipiga pasi. Bwana Posta alikuwa mlangoni hata komeo halijatolewa, taulo lake mwenyewe begani. Baba aliibeba meli kwa mikono miwili, ikiwa bado haina mlingoti hata mmoja, akaiweka kwenye rafu chini ya kioo, kati ya chupa ya spiriti na boksi la poda.

"Pitisha kidole," akamwambia.

Bwana Posta akapitisha toka mbele mpaka nyuma. "Laini, bwana. Huu mkono umerudi."

"Sasa kaa."

Akakaa, akaegemeza kichwa, akafumba macho kwa raha ya mtu aliyefika nyumbani. Baba alizipunguza ndevu kwanza kwa mashine, akiisaidia kwa mkono wa kushoto, kisha akapaka povu. Lingine lilimwingia mgeni wake sikioni na wote wawili wakacheka. Mama na mimi tulikuwa tumesimama kwenye mlango wa sebuleni. Nikamkanyaga Mama mguu. Hakugeuka.

Baba akaufungua wembe. Nikaiona ncha ikitikisika, kidogo tu, kama simu inayotetemeka mezani. Najua na yeye aliiona, kwa sababu alisita. Kisha akaitazama meli, kama mtu anayemuuliza anayejua zaidi yake, akapata jibu, akausogeza wembe chini ya sikio la Bwana Posta.

Mimi mwenye mdomo nikamkanyaga Mama tena.

"Baba watoto," Mama akasema, "weka wembe chini."

"Kuna nini?"

"Mbao ni mimi."

"Mbao zipi?"

"Zote zilizonyooka."

Nje kulikuwa na mtu akiburuta toroli, na tulilisikia mpaka likaishia kwenye kona. Bwana Posta alifungua macho lakini hakuthubutu kuinuka. Baba alijaribu kuukunja wembe, vidole vikakosa, akajaribu tena, na hakuna aliyemsaidia. Ulipokunjika aliuweka kwenye rafu, akachukua meli, akaanza kuipapasa ubavu kwa kidole gumba.

"Huu?"

"Wangu."

"Huu?"

"Wangu. Ukiwa umelala."

"Nikiwa nimelala," Baba akarudia. Kidole kikashuka, kikapita mabonge ya gundi ya zile mbao mbili za mwanzo, kikapanda tena, kikasimama katikati. "Na huu hapa?"

Mama akasogea, akainama. "Huo ni wako. Siku ile ya mvua. Haki ya Mungu sikuugusa, ulikuwa umekaa vizuri."

"Na hilo nitaliaminije?"

 Mama alijifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na maji. Nilimhurumia, nami ndiye niliyekuwa nimemtukana. Alitaka kumfichia mumewe ubaya wa mkono wake, na sasa hata kile kizuri kimoja ambacho mkono ulikifanya, hakuwa na namna ya kumpa.

Baba akanigeukia. "Pilipili. Uliona nikiubandika?"

Alitaka niseme ndiyo. Wote walitaka, hata Bwana Posta aliyekuwa na povu mpaka machoni. Nilikuwa kazini siku ile ya mvua. Ingekuwa neno moja tu, na Mama angenibariki kwa hilo, na kwa mara ya kwanza nilielewa jinsi lilivyo jepesi.

"Sikuona, Baba. Sijui."

 Baba akaiweka meli kwenye meza ndogo ya magazeti, akavuta kiti cha wateja wanaosubiri, akakaa. "Nileteeni plaizi, na mbao zilizobaki. Na birika."

Akazing'oa mbao za juu za ubavu, moja moja. Kila ubao ulitoka na mlio, na kila mlio Mama alifumba macho. Ule wa siku ya mvua aliuruka, hakuugusa. Bwana Posta alijifuta povu na taulo lake, akakigeuza kiti kile kikubwa, akabaki amekaa humohumo na nusu ya ndevu zake.

"Wewe kaa hapa mbele yangu," Baba akaniambia. "Usinisaidie. Ukipinda, unasema umepinda. Mama yako asiseme kitu."

Akapinda ubao wa kwanza juu ya mvuke, akapaka gundi, akaulaza, akabana vibanio. Kimoja kilimrukia kikaanguka chini ya meza, akakifuata mwenyewe.

"Umepinda," nikasema.

Akang'oa.

Wa pili nao ukapinda, nikamwambia, akang'oa. Jasho lilikuwa likimtiririka chini ya koti jeupe. Nilikuwa nalia na sikujificha, na yeye hakuniuliza nalilia nini. Wa tatu aliuchukulia muda mrefu. Aliusukuma kwa kidole kimoja, mkono ukiruka, akiurudisha, ukiruka, akiurudisha, mpaka ukalala juu ya mbavu karibu wote. Akaondoa mikono. Hakuutazama ubao, alinitazama mimi.

Mbele, karibu na ncha, ulikuwa umenyanyuka unene wa kucha.

"Umepinda, Baba."

"Sana?"

"Kidogo."

"Kidogo nako ni kupinda," akasema, akanyoosha ule mkono wa kulia kunielekea. "Lete mwingine."